Kuwinda Korongo wa Sandhill na Kupika Nyama Yake: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni kwa wenzetu wasemaji wa Kiswahili tunaoishi Amerika Kaskazini, hasa Texas, Kansas na Kentucky, ambao wamewaona korongo wakipita makundi kwa makundi kuanzia Oktoba na kutaka kujua kama wanaliwa. Wanaliwa, tena ni watamu mno. Ila huyu si ndege wa kupigwa ovyo, na nyama yake si ya kupikwa ovyo. Sheria hubadilika kila mwaka, kwa hiyo kabla hujatoka nyumbani soma kanuni za mwaka huo za jimbo lako.

Huyu ni ndege gani hasa?

Korongo wa Sandhill (Antigone canadensis) ni ndege wa kijivu mwenye miguu na shingo ndefu. Kimo chake ni kati ya mita 1 na 1.2, na akitandaza mabawa hufika mita 1.5 hadi 2. Kwenye paji la uso ana ngozi nyekundu isiyo na manyoya. Wakati wa kuzaliana hujipaka matope yenye chuma, ndiyo maana baadhi yao huonekana wana rangi ya kutu. Wadogo, wanaozalia kaskazini ya mbali mpaka Alaska na Siberia, wana kilo 3 hadi 4. Wale wakubwa hufika kilo 5 au kuzidi kidogo.

Sauti yake ndiyo inayokujulisha yupo kabla hujamwona. Mrija wake wa pumzi ni mrefu kupita shingo, umejikunja ndani ya mfupa wa kidari, na mwito wake husikika umbali wa kilomita kadhaa.

Kumwinda kunaruhusiwa kweli?

Kunaruhusiwa katika majimbo kadhaa, kwa msimu na kwa idadi maalumu. Mwaka 1916 Marekani na Uingereza, iliyotia saini kwa niaba ya Kanada, zilikubaliana kuwalinda ndege wanaohama, na sheria ya Marekani ya kutekeleza mkataba huo ikapitishwa 1918. Korongo walikuwa wamepungua sana kwa kupigwa ili kuuzwa sokoni na kwa kukaushwa mabwawa wanamozalia. Uwindaji ukafungwa kwa zaidi ya miaka 40, hadi 1961 ulipofunguliwa tena katika sehemu za Texas na New Mexico.

Leo msimu upo katika majimbo mengi ya nyanda za kati, kutoka Texas na Oklahoma mpaka North Dakota na Montana. Upande wa mashariki, Kentucky ilifungua msimu 2011, Tennessee ikafuata 2013, na Alabama 2019. Kanada wanawindwa Saskatchewan na Manitoba, kati ya sehemu nyingine.

Nebraska iko katikati kabisa ya njia yao na haina msimu. Kila mwaka, kati ya Februari na Aprili, mamia kwa maelfu ya korongo hutua kwenye Mto Platte karibu na mji wa Kearney, na watu husafiri kutoka mbali kuja kuwatazama tu. Nakushauri uende hata kama una leseni ya jimbo jingine. Ukishawaona alfajiri wakiinuka kutoka mtoni utamheshimu zaidi ndege unayemlenga Novemba.

Kama ni wengi hivyo, kwa nini kuna watu wanaopinga?

Kwa sababu korongo huzaa polepole kuliko ndege wengine wanaowindwa. Jike hutaga mayai 2, na kwa kawaida ni kifaranga 1 tu anayefika kuruka. Wengi hawaanzi kuzaa mpaka wafike miaka 3 au zaidi, wengine hadi miaka 7. Dume na jike hukaa pamoja miaka na miaka, na kinda hufuatana na wazazi wake safari nzima ya kwanza ya kuhama. Porini wamepatikana waliozidi miaka 30.

Mimi nawinda, na hoja hiyo naikubali. Kundi la nyanda za kati linakadiriwa kufika korongo milioni 1 na linahesabiwa kila mwaka, kwa hiyo kuwinda kwa kiasi hakuliangamizi. Lakini ukimpoteza ndege uliyemjeruhi, au ukakata kidari ukatupa vilivyobaki, umepoteza kitu kilichochukua miaka kukua. Karibu kila ninalolieleza hapa chini linatokana na hilo.

Pia si korongo wote wa jamii hii walio wengi. Wale wa Mississippi wasiohama wako hatarini kutoweka na wanalindwa kikamilifu. Wa Florida nao hawawindwi.

Mimi si raia wa Marekani. Naweza kuwinda?

Mwenye hati ya ukaazi wa kudumu anaweza kumiliki bunduki na kukata leseni. Aliyeingia kwa viza ya muda kwa kawaida haruhusiwi kushika bunduki, ila sheria ya shirikisho imemwachia nafasi mwenye leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo. Asiye na hati halali za ukaazi asijaribu kabisa: hata kubeba bunduki ya rafiki ni kosa la jinai linaloweza kumfukuzisha nchini. Ukiwa na shaka yoyote kuhusu hali yako, muulize mwanasheria wa uhamiaji kwanza. Korongo watarudi mwakani.

Nahitaji vibali gani?

Chukua mfano wa Texas. Unahitaji leseni ya uwindaji ya jimbo, kibali cha nyongeza cha ndege wanaohama, kujiandikisha katika mpango wa takwimu za mavuno ya ndege hao, na kibali cha shirikisho cha korongo, ambacho Texas hutolewa bure. Stempu ya bata, yaani kibali cha shirikisho cha kuwinda bata, haihitajiki kwa korongo. Aliyezaliwa tarehe 2 Septemba 1971 au baada ya hapo lazima awe amepitia mafunzo ya uwindaji.

Kansas wameongeza sharti moja zuri: kila mwaka lazima ufaulu mtihani wa intaneti wa kuwatambua ndege. Kentucky na Tennessee vibali ni vichache, hivyo huombwa mapema na kugawiwa kwa bahati nasibu. Sehemu nyingi za Texas kiwango ni korongo 3 kwa siku, na kusini mashariki, kuelekea pwani, ni 2.

Na shamba lina mwenyewe. Texas karibu ardhi yote ni ya watu binafsi. Piga hodi, jitambulishe, omba. Wakulima wengi hawawapendi korongo kwa sababu hufukua mbegu za mahindi na kula ngano changa, kwa hiyo usishangae ukikubaliwa haraka. Ukishamaliza okota maganda yote ya risasi, na siku nyingine mpelekee mwenye shamba kitoweo.

Nitamtofautishaje na korongo mweupe?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote, na asiyeweza kulijibu abaki nyumbani.

Korongo mweupe wa Amerika (Grus americana) alibakia kama ndege 21 tu porini mwaka 1941. Kwa kazi ya miongo mingi, kundi linalozalia Wood Buffalo huko Kanada na kukaa Aransas, pwani ya Texas, wakati wa baridi sasa limepita ndege 500. Hao 500 hupita angani kwenye njia ileile ya korongo wa Sandhill, na mara nyingine mmoja au wawili huruka ndani ya kundi la kijivu. Mwaka 2004 wawindaji kule Kansas waliwapiga wawili wakidhani ni korongo wa kawaida. Kumuua ni kosa la shirikisho lenye faini kubwa na kifungo.

Korongo mweupe aliyekomaa ni mrefu kumzidi yule wa Sandhill, karibu mita 1.5, mweupe mwili mzima isipokuwa ncha za mabawa, ambazo ni nyeusi na huonekana anaporuka. Shida iko kwa makinda: mwezi Novemba bado wana madoa ya kahawia iliyokolea kama mdalasini, na kwenye mwanga hafifu mtu mwenye haraka anaweza kuona “korongo mwenye kutu”. Kwa hiyo shika kanuni tatu. Usipige kabla hujaona rangi waziwazi, hata kama saa ya kisheria imeshafika. Jua likiwa mbele yako kila ndege ni kivuli cheusi, kwa hiyo kaa ulipe mgongo. Na kundi likiwa na ndege mmoja tu anayekutia wasiwasi, liache kundi lote lipite.

Wanawindwaje?

Usiku korongo hulala wamesimama kwenye maji ya kina kifupi, ambako mbwamwitu wadogo wa nyikani hawawezi kuwanyemelea. Alfajiri huondoka kwenda mashambani kula mabaki ya mahindi, mtama, karanga na ngano changa. Nyanda za juu za Texas, kuzunguka Lubbock, kuna mamia ya mabwawa ya duara yanayojaa mvua, na huko pia hulala korongo.

Usiwapige bwawani wanakolala. Ukiwafukuza malalo yao wanahama eneo zima, na uwindaji wako na wa jirani umekwisha. Siku moja kabla, endesha gari mchana mpaka ulione shamba wanalokula, kisha kesho yake uwepo pale kabla hakujapambazuka.

Macho ya korongo ni makali ajabu. Wawindaji hulala chali kwenye maficho ya chini yaliyofunikwa mabua ya shamba lilelile, uso umefichwa, mikono haionekani. Mbele yao wanapanga korongo bandia. Wengine hutumia ngozi halisi za korongo zilizojazwa, kwa kuwa ndege huyu hugundua plastiki inayometameta. Upepo uwe mgongoni kwako, maana wao hutua wakiukabili. Wanashuka polepole, miguu inaning’inia, na umbo lao kubwa hudanganya: mtu anadhani wako mita 30 kumbe wako 70. Mpaka uone jicho na ule wekundu wa paji, subiri.

Bunduki na risasi za aina gani?

Kwa ndege wanaohama sheria inaruhusu shotigani isiyobeba risasi zaidi ya 3, na inakataza raifo. Vilevile ni marufuku kumwaga nafaka kama chambo na kutumia sauti za kurekodiwa. Wengi hubeba geji 12 yenye marisau ya chuma makubwa, namba 2 au BB. Hata pale ambapo marisau ya plumbi (lead) hayajakatazwa mimi naona hayafai: nyama hii unamlisha mtoto wako. Mwisho wa kupiga ni mita 35.

Ni kweli korongo aliyejeruhiwa ni hatari?

Ni kweli. Hasimami kungoja. Anageuka, anapiga mateke yenye kucha na kudonoa kwa mdomo uliochongoka, na analenga macho. Mbwa wamepoteza macho kwa njia hiyo, ndiyo maana wenye mbwa huwavalisha miwani ya kinga au huwazuia kabisa kumfuata ndege ambaye hajafa. Usimkimbilie mikono mitupu na usiiname juu yake. Sheria inataka ndege uliyemjeruhi na kumkamata auawe papo hapo, na ubinadamu pia unataka hivyo.

Na homa ya mafua ya ndege?

Ipo, na korongo huipata. Mwanzoni mwa 2025 korongo wengi walikufa Indiana katika mlipuko wa ugonjwa huo. Usimguse ndege uliyemkuta amekufa au anayepepesuka. Unapochuna vaa glavu, usile wala kuvuta sigara, osha visu na ubao kwa maji moto na sabuni, na usiwape mbwa au kuku wa nyumbani matumbo mabichi.

Namsafishaje?

Mpasue na kumtoa matumbo mapema, hasa siku ya joto. Wengi huchuna ngozi kwa kuwa kunyonyoa ni kazi ndefu, ila ndege mnene wa Desemba anafaa kunyonyolewa: mafuta yake ni mazuri. Kagua kila tundu la marisau kwa kidole, toa chuma na manyoya yaliyoingia nayo, maana meno hayaoti tena ukubwani.

Angalizo la kisheria: unaposafirisha ndege kutoka porini, lazima kichwa au bawa moja lenye manyoya yake liachwe kwenye mwili mpaka ufike nyumbani, ili askari wa wanyamapori amtambue. Usikate vidari tu ukavitia kwenye mfuko ukaingia barabarani.

Nyumbani, weka nyama kwenye jokofu bila kuifunika sana, siku 2 hadi 4. Inalainika na harufu ya damu inapungua.

Ladha yake ikoje?

Wawindaji wa Texas humwita “steki ya angani”, na hawajamsifu bure. Kidari ni chekundu kama sarara ya ng’ombe, hakina mafuta ndani, na hakina shombo, kwa kuwa ndege huyu mashambani hula nafaka. Wageni wengi wakipewa bila kuambiwa hudhani ni ng’ombe.

Nipikeje kidari?

Kwanza usahau kuku. Kidari cha korongo ukikipika kama kuku, mpaka kikauke, kinakuwa kigumu na kina ladha ya maini. Makosa ya walio wengi yanaanzia hapo: wanapika kupita kiasi, halafu wanasema korongo haliki.

Toa utando mweupe unaong’aa. Paka chumvi usiku uliotangulia na urudishe kwenye jokofu. Saa moja kabla ya kupika kitoe, kikaushe kwa kitambaa, kipake pilipili manga na thomu kidogo. Pasha kikaango kizito cha chuma mpaka moshi uanze, tia kijiko cha samli, weka nyama na usiiguse. Dakika 3 hadi 4 kila upande zinatosha kwa kipande cha kawaida. Ingiza kipimajoto katikati: ikisoma nyuzi 52 za Selsiasi, ondoa, funika, acha ipumzike dakika 8, itapanda yenyewe mpaka 55 hivi. Kata vipande vyembamba kukatisha nyuzi, si kuzifuata. Kachumbari yenye ndimu nyingi, wali wa nazi, pilipili ya kukaanga pembeni, basi. Mchuzi mzito utaifunika ladha.

Nisifiche jambo: mamlaka za afya za Marekani zinataka nyama ya ndege ifike nyuzi 74, na hiyo 55 ni desturi ya wawindaji. Kwa mjamzito, mtoto mdogo, mzee, au mtu mwenye kinga dhaifu, fuata 74, na badala ya kuikausha steki kwenye moto mkali mpikie nyama ya mchuzi.

Mishikaki je?

Inafaa sana, kwa marekebisho mawili. Papai bichi tunalotumia kulainisha nyama ya ng’ombe liweke dakika 20 au 30 tu. Ukililaza usiku kucha utaamka na rojo. Halafu, kwa kuwa nyama haina mafuta, chomeka kipande cha mafuta ya ng’ombe kati ya kila vipande viwili ili yatiririke inapoiva. Tangawizi, thomu, ndimu, bizari ya nyembamba, chumvi, pilipili. Makaa yawe mekundu, na geuza haraka.

Mapaja na miguu nitupe?

Hapana! Hapo ndipo penye kitoweo cha familia. Ni nyama yenye kano ngumu, inataka muda tu. Kaanga vipande mpaka vigeuke rangi, ongeza kitunguu, nyanya, tangawizi, thomu na maji, funika na uache moto mdogo saa 3 hadi 4 mpaka nyama iachane na mfupa. Chomoa kano, tia tui zito, acha lichemke kidogo. Ukiitaka pilau, tumia supu hiyo kupikia mchele. Wenzetu wa Kongo wakichanganya nyama iliyochambuliwa na sombe (kisamvu), sufuria halilali.

Firigisi ni kubwa na safi. Ipasue, toa ngozi ya ndani, chemsha mpaka ilainike kisha ikaange na pilipili hoho. Moyo unapita juu ya makaa dakika chache. Shingo na mifupa ya kidari ni supu.

Muislamu anaweza kumla?

Ndege mwenyewe ni halali. Vitabu vya fiqhi ya Kishafii, madhehebu ya watu wengi wa pwani yetu, vinamtaja korongo kwa jina pamoja na mbuni, bata na kuku katika ndege wanaoliwa. Suala liko kwenye kifo chake. Wanazuoni wamekhitalifiana kuhusu kiwindwa kilichokufa kwa risasi kabla ya kuchinjwa, na kuhusu marisau wengi wa Kishafii ni wakali kwa sababu huua kwa kupiga na si kwa kukata. Njia salama ni kupiga bismillahi unapofyatua, kumfikia upesi, na kumchinja angali na uhai. Hapo umetimiza na ile sheria ya kutomwacha ndege aliyejeruhiwa. Ukichinja usitenganishe kichwa, au acha bawa lenye manyoya, askari apate kumtambua. Kwa aliyekufa kabla hujamfikia, muulize sheikh unayemwamini.

Nikirudi nyumbani Afrika Mashariki, naweza kumwinda korongo wa kwetu?

Hapana. Korongo taji, yule wa kwenye bendera ya Uganda, amewekwa katika kundi la walio hatarini kutoweka tangu 2012. Maeneo yake oevu yamelimwa, na wengi wamekamatwa wakiwa hai ili wafugwe kama mapambo. Rwanda wamefanya kazi ya kupigiwa mfano ya kuwatoa majumbani na kuwarejesha porini, na wale wasioweza tena kuruka wanatunzwa katika kituo cha Umusambi, jijini Kigali. Kenya ilipiga marufuku uwindaji tangu 1977. Jirani akikuambia wa kwetu pia ni mtamu, mkatalie.

Naweza kuuza nyama iliyobaki, au kumpa mtu?

Kuuza ni marufuku kabisa, hata kwa mgahawa wa rafiki, hata kwa bei ya mafuta ya gari. Kumpa mtu ruksa. Ukimkabidhi ndege kabla hujafika naye nyumbani, mfungie karatasi yenye sahihi yako, anwani, idadi na aina ya ndege, na tarehe aliyopigwa. Nyama ya kwenye friza ifunge vizuri isiguswe na hewa, uandike mwezi, na uile kabla msimu mwingine haujafunguliwa.